Tusiicheke Baiskeli ya Babu

Pamezuka miongoni mwa vijana wetu wa sekondari usemi ambao mwanzoni niliudhania kuwa mzaha tu, nao ni "baiskeli ya babu". Husemwa kwa kicheko, na hukusudiwa ile baiskeli nyeusi, ndefu, yenye usukani ulioinuka na kiti kipana cha springi, ambayo aipandaye hukaa wima kama aketiye barazani. Asubuhi moja msichana wa kidato cha pili aliingia nayo langoni mwa shule ninayofundisha. Wenzake wakapiga miluzi. Mmoja akaiga mlio wa kengele kwa mdomo. Mwingine akamwuliza kama babu ameachwa nyumbani atembee kwa miguu. Msichana yule hakujibu. Siku ya pili yake alikuja kwa miguu, na kutoka kwao hadi shuleni ni mwendo wa kilomita saba.

Nasema tangu mwanzo kwamba nakusudia kuitetea baiskeli hiyo. Siitetei kwa sababu ni ya zamani. Vitu vingi vya zamani vimekufa, na baadhi yake vilistahili kufa. Naitetea kwa sababu ndiyo baiskeli imfaayo kuliko zote mtu aendaye kazini, shuleni, sokoni, shambani au zahanati, yaani karibu kila mtu apandaye baiskeli katika nchi hii. Naitetea vile vile kwa sababu kicheko kile cha langoni kina chimbuko lake, na chimbuko hilo halikuanza kwa watoto wale.

Tuitazame kwanza baiskeli yenyewe, maana wengi waichekao hawajapata kuitazama. Usukani wake uko juu kuliko kiti, nao umepindwa ukamrudia mpandaji, hivyo mikono yake hulegea na mgongo wake husimama. Uzito wa mwili huangukia makalio, ambayo ndiyo sehemu ya mwili iliyoumbwa kwa kukalia. Viganja, mabega na shingo havibebeshwi kitu. Na kwa kuwa uzito karibu wote uko kitini, kiti chenyewe ni kipana na chini yake mna springi. Hapa vijana hukosea sana. Huona kiti chembamba cha baiskeli ya mashindano wakadhani wembamba ule ni maendeleo. Kiti chembamba humfaa mtu aliyeinama, ambaye sehemu ya uzito wake inabebwa na mikono na nyingine na miguu inayokanyaga kwa nguvu. Mkalishe mtu wima juu ya kiti kama hicho, naye atakuwa ameumia kabla hajafika njia panda.

Magurudumu yake ni ya inchi 28, na gurudumu kubwa huvuka shimo ambalo gurudumu dogo hutumbukia. Uma wa mbele umelala kidogo, na magurudumu yako mbali mbali, kwa hiyo baiskeli huenda moja kwa moja bila kuyumba hata ikiwa na gunia nyuma, na mtetemo wa barabara ya changarawe huifikia mikono ya mpandaji ukiwa umekwisha kupungua nguvu. Madigadi huzuia matope. Kifuniko cha mnyororo hulinda suruali, kanzu na kitenge visiliwe wala kupakwa grisi. Kuna keria, na kuna stendi ya miguu miwili ambayo huishikilia baiskeli isimame peke yake wakati inapakiwa mzigo. Mtengenezaji wa baiskeli ya mashindano huving'oa vitu vyote hivi kwa kuwa kwake ni uzito wa bure. Lakini kwa mwalimu mwenye suruali mbili za kazini, ambaye lazima asimame mbele ya darasa saa moja na nusu asubuhi wakati wa masika, madigadi si uzito wa bure hata kidogo.

Tena kuna mizigo. Mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, matenga ya samaki, mabati, mgonjwa anayepelekwa zahanati huku ameshikiliwa na nduguye: vyote hivi vimepita juu ya keria ile, vikiwa vimefungwa kwa mikanda iliyokatwa katika mipira ya zamani ya baiskeli hiyo hiyo. Nimeona kitanda cha futi sita kikivuka daraja namna hiyo, mwenyewe akikanyaga taratibu na kupiga kengele kuomba njia. Sijaona, na sitarajii kuona, kitanda juu ya baiskeli ya mashindano.

Lakini hayo ni manufaa ya vyuma, na mkusanyiko huu wa makala unahusu utamaduni. Basi niseme la utamaduni.

Mtu aliyekaa wima huona na huonekana. Humwona mtoto anayetaka kuufuata mpira barabarani, humwona ng'ombe aliyegeuza kichwa, humwona bibi aliyeketi uani, akamwamkia "Shikamoo", naye akajibiwa "Marahaba" kabla hajapita nyumba ya pili. Huweza kupanda sambamba na mwenzake wakazungumza njia nzima. Kwetu sisi kusalimu si jambo la kupoteza wakati. Apitaye kimya kijijini hutiliwa shaka, na watu wakauliza ni wa nani yule na anakimbia nini. Sasa mtazame mpandaji aliyeinama juu ya usukani wa chini. Macho yake yako juu ya gurudumu la mbele, uso umekaza, makalio yako juu kuliko mabega. Hawezi kumwamkia mtu bila kuinua shingo kama kobe, na sijui ni mzee gani apendaye kusalimiwa na makalio. Chombo humfundisha mtu namna ya kupita mbele ya wenzake. Baiskeli hii imetufundisha kupita kwa adabu, nasi tumeizoea mno kiasi kwamba hatuoni tena kuwa ni mafunzo.

Imekuwaje basi ikawa kitu cha kuchekwa? Baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana, inayosukumwa kwa mnyororo uendao nyuma, ilipata umbo lake katika mji wa Coventry nchini Uingereza mwaka 1885, mikononi mwa John Kemp Starley. Kabla ya hapo palikuwa na ile yenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, chombo cha vijana wenye fedha na wasioogopa kuvunjika shingo. Starley alitaka chombo salama kwa watu wa kawaida. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, akaipatia baiskeli tairi la kujazwa upepo. Tangu hapo ikawa ya makarani, wauguzi, matarishi na vibarua, na umbo hilo la kukaa wima ndilo lililotufikia sisi: kwanza kutoka Nottingham kwa jina la Raleigh, baadaye Phoenix kutoka Shanghai na Hero kutoka Ludhiana. Wenzetu wa Kenya waliibatiza Black Mamba. Sisi nasi tulikuwa na Swala iliyotoka katika kiwanda cha Dar es Salaam, na wapo wazee ambao hadi leo hawataki kuliuza fremu la Swala yao.

Sambamba na baiskeli ya watu wa kazi palikua baiskeli ya mashindano. Mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903, na mshindani huinama kwa sababu nzuri kabisa: mtu aendaye kilomita 40 kwa saa hupigana na upepo kuliko kitu kingine chochote, na mwili ulioinama hukata upepo. Sina ugomvi naye. Lakini muuza maziwa aendaye kilomita 12 au 15 kwa saa hana upepo wa kupigana nao; ana mashimo, ana madumu, na ana wateja wa kuwasalimu. Kumwinamisha ni kumvisha mvuvi mavazi ya mwanaanga.

Na baiskeli za mlimani, hizi za matairi mapana na gia nyingi ambazo vijana wetu wanaziota? Katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, kikundi cha vijana kilianza kushuka mbio katika njia za mlima Tamalpais. Mashindano yao yaliyoitwa Repack yalianza mwaka 1976. Walikuwa wakipanda nini? Walipanda baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi mapana, za kukaa wima, walizozinunua kwa bei ya chini kwa kuwa hakuna aliyezitaka. Baiskeli ya mlimani, ambayo kwayo kijana wetu humcheka babu yake, ilizaliwa kutokana na baiskeli za akina babu wa Kimarekani! Wale walizichezea mwishoni mwa juma, wakaziboresha kwa mchezo wao, na biashara ikaueneza mchezo huo duniani kote. Kwetu mchezo ule uliwasili ukiwa ndani ya makontena ya mitumba, ukapokewa kana kwamba ndio usafiri wenyewe.

Wapo watakaosema: "Ndugu mwalimu, wewe mwenyewe umekiri kwamba baiskeli ni kitu cha Waingereza. Utaiitaje utamaduni wetu?" Swali hili ni la haki. Namwomba aulizaye aitazame kanga. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, India na Japani, zikaletwa kwa meli. Je, yupo atakayesimama mbele ya mama zetu na kusema kanga si yetu? Tumeifanya yetu kwa kuivaa, kuizawadia, kumbebea mtoto na kusema kwa maandishi yake yale ambayo mdomo hauwezi. Baiskeli nayo imepitia njia hiyo. Mafundi wetu waliona keria ya kiwandani haifai kwa gunia la mahindi, wakaichomelea nondo. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 watu walishona mto wa kukalia juu ya keria, wakaanza kuvusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na huko ndiko lilikotoka neno "bodaboda". Pikipiki, ambayo leo inajivunia jina hilo, imelirithi kutoka kwa baiskeli ya babu bila hata kusema ahsante.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi, wala sitalikwepa. Baiskeli hii ni nzito, mara nyingi karibu kilo 20 ikiwa tupu. Haina gia, na katika milima ya Lushoto au Njombe mwenye nayo atakuwa mtu wa kusukuma nusu ya safari. Breki zake za fito za chuma hushika vibaya rimu zikilowa, na kwenye mteremko wa mvua huo si upungufu wa kupuuzwa. Nakubali yote. Lakini nchi yetu si Lushoto peke yake. Nenda Ifakara katika bonde la Kilombero, nenda Shinyanga, nenda Tabora, nenda vijiji vya Unguja. Huko ardhi imetandazwa, na mtu mmoja hubeba juu ya baiskeli mzigo ambao angeuhitajia punda. Tena kasoro hizi zinatibika. Breki za waya au za ndani ya gurudumu, na gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, vinaweza kuwekwa bila kuligusa umbo la wima. Wanaosema kwamba lazima tuchague baina ya mgongo ulionyooka na breki nzuri wanatuuzia kitu.

Nao Waholanzi, ambao si watu maskini, hawakuchagua hivyo. Nchi yao ina baiskeli takriban milioni 23 kwa watu milioni 18 hivi, na nyingi kati ya zile wanazopanda kila siku ni za kukaa wima, zina madigadi, taa, kengele na kifuniko cha mnyororo. Aina moja maarufu huitwa omafiets, maana yake "baiskeli ya bibi", na wasichana wa chuo kikuu huinunua kwa jina hilo hilo bila haya. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wao tangu 2010 hadi 2024, alijulikana kwa kwenda kazini juu ya baiskeli ya kawaida. Asiseme mtu kwamba wao walizaliwa hivyo au kwamba ni kwa sababu tu nchi yao ni tambarare. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikimbilia magari kama wengine, hata mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 wakauawa katika barabara zao; wazazi wakaandamana, na serikali na miji yao ikalazimika kuzirudishia baiskeli nafasi yake. Sitaji Uholanzi ili tuige. Naitaja kwa sababu najua tabia yetu: jambo la babu hatulithamini mpaka tulione kwa Mzungu.

Sasa niwageukie watu wazima wenzangu, hasa walimu. Vijana hawakuibuni kejeli hii, wamerithi kwetu. Nani alimfundisha mtoto kwamba mwenye baiskeli ni mtu aliyeshindwa kununua kitu kingine? Zamani tuliwasema Wabenzi katika nyimbo na ngonjera, lakini wengi tuliokuwa tukiimba tulikuwa tukiyatamani magari yao kwa jicho la pembeni. Leo mwalimu kijana akianza kazi, jambo lake la kwanza ni kukopa ili anunue pikipiki, hata kama anakaa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka shuleni. Mshahara unakwenda katika marejesho na petroli, naye huhesabu kwamba ameendelea. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kunishauri nisiegeshe baiskeli yangu mbele ya ofisi siku ya ugeni. Aliniambia kwa upole, kama amwambiaye mtu kwamba shati lake limechanika.

Na mwenye kuumizwa zaidi na aibu hii ni msichana. Ziko wilaya ambako hadi leo husemwa kwamba mwanamke juu ya baiskeli amekosa adabu. Adabu gani iliyo kubwa kuliko kufika shuleni salama? Baiskeli ya kike, ambayo bomba lake la juu limeshushwa, hupandwa kwa sketi, kwa kitenge, kwa baibui, bila kuinua mguu hewani wala kuinama. Ukitafuta chombo chenye staha zaidi barabarani hutakipata. Sekondari zetu za kata ziko mbali na nyumba za wengi. Mtoto atembeaye kilomita saba asubuhi na saba jioni hufika darasani amechoka, hurudi kwao giza linaingia, na njiani humpita mwenye pikipiki asemaye, "Panda, nikupe lifti." Walimu wote wanajua lifti ile huishia wapi, na tumewaona walioacha masomo kwa ajili yake.

Katika jimbo la Bihar nchini India, mwaka 2006, serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Hazikuwa baiskeli za mlimani wala za mashindano. Zilikuwa za Kihindi za kawaida, za kukaa wima, zenye keria na wavu mbele. Wachunguzi waliofuatilia jambo hilo waligundua kwamba uandikishaji wa wasichana katika ngazi hiyo uliongezeka kwa karibu theluthi, na pengo baina yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Tena palitokea jambo ambalo hesabu hazilielezi vizuri: makundi ya wasichana wakipita barabarani pamoja kila asubuhi, na wazee wa vijiji wakazoea.

Namrudia msichana wetu. Baba yake, alipoona mtoto anatembea, aliuza mbuzi wawili akamnunulia baiskeli ya gia ya mtumba, rangi nyekundu, haina madigadi wala keria. Wiki tatu alikuwa malkia wa lango. Masika yalipoanza sare yake ilichorwa mstari wa matope mgongoni, na madaftari aliyoyafunga kwa kamba juu ya usukani yalilowa. Kisha kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo kikapinda. Fundi wetu wa chini ya mwembe, ambaye kwa spana mbili na karai la maji huweza kuitengeneza Phoenix yoyote kwa kuwa vipuri vyake viko katika kila duka la wilaya, alikishika, akakigeuza, akatikisa kichwa. Mwishowe aliukata mnyororo akaufupisha ili ubaki katika gia moja. Basi baba wa watu alikuwa ameuza mbuzi wawili akapata baiskeli ya gia moja isiyo na keria. Ilipopasuka ringi ya mbele, ambayo kipimo chake hakikupatikana mjini, mtoto alirudia kutembea, na jioni moja nilimwona akishuka katika pikipiki ya mtu nisiyemjua.

Nilikwenda kwao Jumamosi iliyofuata. Baiskeli ya babu ilikuwa imetundikwa kwa kamba katika banda la mbuzi, tairi la nyuma limeliwa na panya. Mzee alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kukubali ishushwe. Fundi aliitia tairi jipya na spoki saba, akaunyoosha usukani, akaupaka mnyororo mafuta. Vijana wa langoni bado hucheka, ingawa wawili wamekwisha kuniuliza kiti kama kile kinauzwa wapi. Breki nilimwambia fundi azitazame mara mbili.